Viatu Visivyochukuliwa

Machi 4

Daktari amesema niandike: presha ya mume wangu asubuhi, kichwa kikimuuma, vidonge akishameza. Nikamwambia mimi nikishika kalamu sijui kunyamaza. Akasema andika tu, mama, nitasoma ninachohitaji. Hakucheka. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, anavaa viatu vya mpira vya kijani, na uso wake ni kama duka lililofungwa.

Basi naandika. Mume wangu ni fundi viatu. Si wa viraka tu. Anakitengeneza kiatu tangu kikiwa kipande cha ngozi. Mimi nashona sehemu za juu kwa cherehani, yeye anazivuta kwenye kalibu, ule mguu wa mti, kisha anapigilia soli. Kila mtu humwita Fundi, na mimi pia, hata nikiwa nusu usingizini.

Kwa miaka miwili viatu vyake mwenyewe vilikuwa vikimbana. Mtu mwingine angejiuliza mguu wake una nini. Yeye, kwa kuwa ni fundi, aliilaumu ngozi. Alimwambia muuza ngozi kwamba anauza mali inayosinyaa, wakagombana hadi wakanyimana salamu. Akajitengenezea jozi nyingine, nayo ikabana. Pete ya ndoa ilikatwa kwa koleo, tukasema ni joto. Hadi siku moja nesi mmoja, mteja wetu, akaja kuchukua viatu vyake, akaitazama mikono ya Fundi, akaomba aone picha yake ya zamani. Nikamletea ya harusi. Akaiangalia, akamwangalia, akasema, "Kesho njoo hospitali, usiniulize kwa nini." Mganga hajigangi.

Ni kitezi kilicho chini ya ubongo, nyuma ya pua. Kimeota uvimbe, na uvimbe huo unamwaga homoni ya kukuza mwili kwa mtu aliyekwisha kukua. Pia unakandamiza mishipa ya macho, ndiyo maana siku hizi haoni vizuri pembeni. Uvimbe hutolewa kwa kupitia puani. Lakini kwenye picha wameona jambo la pili. Ubavuni mwa uvimbe, ule mshipa mkubwa wa damu unaopanda kutoka shingoni, upande wa kushoto, umetuna kama kipira. Chombo kikiugusa wakiwa puani, alisema daktari, hatutakuwa na la kufanya.

"Kama tyubu inayochungulia kwenye tairi lililopasuka," Fundi akasema.

"Hasa."

"Kwa hiyo unakiziba kwanza hicho, tena kwa ndani."

"Kwa ndani."

Hilo likampendeza. Njiani akaniambia yule binti daktari ni fundi mwenzake, ila amevaa viatu vibaya.

Machi 9

Wamemfanyia leo. Waliingilia kwenye nyonga. Mpira mwembamba kuliko kamba ya kiatu wakaupandisha ndani ya mshipa hadi kichwani, na huko wakaacha kijibomba cha wavu wa waya, ili damu ipite ndani yake na kipira kikauke chenyewe. Nikauliza kwa nini wasikijaze nyuzi, kwani mgonjwa wa kitanda cha jirani alifanyiwa hivyo. Daktari akasema mdomo wa kipira cha Fundi ni mpana, nyuzi zingetoka nje.

Shemeji yangu alikuwapo. Huyu ni mdogo wake Fundi, tunaishi naye. Mimi nilimbandika jina Meneja, maana kazi yake ni kukaa kwenye kigoda karaka­nani kwetu akiangalia wenziwe wanavyofanya kazi. Leo amesimamia vizuri sana: nilipokuwa nasali yeye alikula mkate wangu.

Machi 12

Kabla ya kuturuhusu, daktari alikaa nasi. Fundi akamuuliza uvimbe wenyewe utatolewa lini.

"Ule waya ni mgeni kwenye mshipa," daktari akasema. "Damu ikikutana na mgeni, huganda. Kwa hiyo utameza vidonge hivi viwili kila siku, ili isigande. Na ukiwa unavimeza siwezi kuruhusu upasuaji, damu haitakatika. Baada ya miezi mitatu tutapiga picha. Tukikuta mshipa umeota ngozi juu ya waya, nitapunguza dawa, na wenzangu wataingia puani."

"Na macho yangu? Fundi viatu bila macho ni mzigo."

"Tutayapima. Kuna sindano ya kila mwezi, inaweza kuubana uvimbe kidogo."

Fundi akafikiri. "Kwa hiyo vidonge ndivyo vinavyotuchelewesha."

"Ndiyo," daktari akasema, akiandika. "Kwa namna fulani."

Tukashukuru, tukarudi nyumbani. Mvua za kwanza zimeanza.

Machi 17

Ufizi unamtoka damu akipiga mswaki. Ana michubuko mikononi, mikubwa, rangi ya bilinganya, na hajagongwa na kitu. Nimepiga simu hospitali, wamesema ni dawa inafanya kazi.

Machi 20

Mvua. Presha nzuri. Meneja amekula mara mbili.

Machi 24

Karakana imejaa wateja, maana mvua ikinyesha watu ndipo wanapokumbuka kwamba wana soli. Kila anayeingia huuliza, "Fundi, viko tayari?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Bado." Haongezi neno. Mteja husema, "Basi nitapita kesho." Nusu ya maisha yetu ya ndoa ni mazungumzo hayo.

Wengine hawarudi kabisa. Viatu vikikaa mwaka mzima kwenye rafu bila mwenyewe, vinakuwa vyangu. Tangu niolewe nimevaa viatu vya watu wasiorudi. Nimevaa vya mwalimu, vya mjane, jozi moja nadhani ilikuwa ya mwanamume. Vingine nilijaza pamba mbele. Sijawahi kuvaa kiatu kilichokatwa kwa ajili yangu. Watu wakicheka huwaambia, muulizeni Fundi, foleni yangu iko wapi.

Aprili 2

Ameangusha kikombe cha chai kilichokuwa upande wake wa kulia. Mchana mteja alisimama kando yake, akamsalimu mara tatu, Fundi hakujua kuna mtu. Yule mteja akaondoka amenuna, akidhani anadharauliwa. Meneja akamkimbilia kwenye mvua kumweleza. Nilishangaa, sikujua kama anaweza kukimbia.

Aprili 7

Tumepima macho. Anatazama kitone kilicho katikati na kubonyeza kila akiona mwanga pembeni. Nilikaa nyuma yake, nikaona mianga inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, na kidole chake kimetulia. Mpimaji akasema pembe zimezidi kuingia ndani. Sindano haijafanya la maana.

Tulirudi nyumbani. Alipofika alishika kipande cha ngozi, akakisogeza mbele ya uso, akakipeleka kulia polepole, kisha kushoto. Anapima mpaka wa kuona kwake mwenyewe. Nilijifanya natafuta uzi. Nilikuwa na hofu, na hofu yenyewe ni hii: mtu huyu akipoteza macho atakuwa hai, lakini hatakuwapo.

Aprili 10

Leo amefunga mlango mapema, akaniambia nikae kwenye kiti cha wateja.

"Vua viatu."

"Vya nani, vyangu au vya mjane?"

"Vua, bibie."

Akapiga magoti. Hakuchukua utepe. Akaushika mguu wangu kwa ile mikono yake iliyonenepa, akaupima kwa kidole gumba, kisigino, tao, kidole kidogo chenye sugu. Akasema sugu hiyo ni ya viatu vya mwalimu, aliviona vinanibana, akanyamaza. Nikamuuliza imekuwaje leo foleni yangu imefika. Akasema anataka vyangu avikate akiwa bado anauona mguu mzima.

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Meneja alikuwa kwenye kigoda chake, akageuka akatazama ukuta. Ni heshima ya kwanza aliyonifanyia.

Aprili 14

Mvua usiku na mchana. Ngozi haikauki.

Aprili 19

Ufizi hautoki damu tena. Nimefurahi. Namwekea vidonge kiganjani kila asubuhi ndipo nageuka kushughulika na jiko.

Aprili 23

Amejikata kidole kwa kisu cha ngozi. Nilikimbia kuleta kitambaa, nikarudi nikakuta damu imeshakata. Na michubuko yote imepotea. Nikamwambia, mwili umeizoea dawa. Akasema, mwili una akili zake. Tulikula vizuri leo, na alinitania kuhusu uji wangu.

Aprili 27

Cha kushoto kimekwisha. Rangi ya kahawia, mshono mmoja mfululizo ambao alikataa niushone mimi. Nilipokivaa sikukisikia mguuni, sikujua kwamba kiatu kinaweza kutosikika. Nikazunguka karakana nikiwa na kiatu kimoja, Meneja akapiga makofi.

"Na cha kulia?" nikauliza.

"Bado."

"Basi nitapita kesho," nikasema, na Fundi akacheka hadi akashika tumbo.

Mei 3

Ameniomba nimpigie daktari, niulize kama picha zinaweza kusogezwa mbele. Nesi aliyepokea simu akasema tarehe ni ileile. Fundi akasema, "Wakinipima damu watakuta niko tayari." Nikamwambia haraka haraka haina baraka, maneno anayowaambia wateja. Alitabasamu tu.

Mei 9

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Sijui nianzie wapi.

Jana asubuhi alikuwa amekaa mahali pake, kiatu changu cha kulia kikiwa kwenye kalibu katikati ya magoti. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nimempa mgongo. Nikasikia nyundo imeanguka. Fundi haangushi nyundo. Nikasema bila kugeuka, "Haya, tutavunja na sakafu sasa." Hakujibu. Meneja ndiye aliyeona. Akasema, "Shemeji, mdomo wa kaka umekwenda upande." Nikageuka. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani. Alikuwa ananitazama mimi na kujaribu kusema, na kilichotoka hakikuwa neno. Akajaribu tena. Nilimwona anavyoshangaa.

Meneja alimbeba mgongoni. Fundi ni mtu mkubwa, na ugonjwa umemwongeza, lakini yule kijana wa kigoda alimbeba kwenye tope hadi barabarani, akasimama katikati ya njia na mzigo wake mpaka gari likalazimika kusimama.

Daktari wa viatu vya kijani alikuja mbio.

"Ameacha dawa?"

"Hajaacha. Namwekea kiganjani mwenyewe."

"Ufizi unatoka damu?"

"Ulikuwa unatoka, umepona."

"Michubuko?"

"Imekwisha yote. Hata alipojikata na kisu, damu ilikata upesi." Nilisema kwa fahari kidogo, kama mzazi anayetaja alama za mtoto.

Daktari aliacha kuandika. Akaniangalia, na mara ile nikauona uso wake ukifunguka, nikatamani ungebaki umefungwa.

"Mama," akasema, "haikupaswa kukata upesi."

Wakamkimbiza ndani. Wakaingia tena kwenye nyonga, wakapanda na mpira wao hadi kwenye wavu, wakakuta damu imeganda ndani yake, wakaivuta. Njia imefunguka. Lakini ubongo ulikuwa umekaa bila damu, na ulipokaa bila damu ni upande wa kushoto, ambako maneno hukaa, na ambako mkono wa kulia huamrishwa.

Yuko hai. Ameniangalia. Sijui ameona nini.

Mei 12

Nilirudi nyumbani kuchukua shuka. Maneno ya daktari yakanisukuma hadi karakana, nikafungua kopo la misumari midogo, ile ya visigino. Vidonge vilikuwa humo, juu ya misumari, vyeupe na vya waridi. Hakuvitupa. Mtu huyu hajawahi kutupa kitu kilichonunuliwa. Nadhani alikusudia kuvirudisha.

Nimeelewa yote nikiwa nimesimama pale. Vidonge ndivyo vinavyochelewesha. Kwa hiyo ukiviacha, damu inakuwa tayari mapema, wanakupasua mapema, unabaki na macho, unamaliza viatu. Ni hesabu ya fundi. Ngozi ikichelewesha kazi, ondoa kinachoichelewesha. Na mimi nilikaa kwenye chumba kile, nikasikia swali na jibu, nikafikiria nauli ya kurudi.

Nina hasira naye. Naandika wazi. Alinyoosha kiganja kila asubuhi, akanitazama, akanidanganya kwa macho makavu, mtu ambaye hawezi kumdanganya mteja hata bei ya kamba. Ningemwambia hapana, na alijua ningemwambia hapana. Nilipiga kopo teke, misumari ikasambaa, kisha nikapiga magoti nikaiokota mmoja mmoja, maana nani mwingine angeiokota.

Mei 15

Mvua.

Mei 21

Daktari alinikuta kwenye benchi, akakaa. Nilikuwa nimemwandalia maneno, tena makali. Akaanza yeye.

"Aliniuliza kama vidonge vinachelewesha. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa naandika, sikumtazama." Alivua miwani akaifuta, haikuwa na uchafu. "Ningemwambia kwamba vidonge ndivyo vinavyoushikilia mshipa wazi. Sentensi moja tu. Nimeitafuta kila siku tangu hapo, naipata kila siku."

Maneno yangu makali yakakosa pa kwenda. Nikamwambia hata mimi nilikuwapo. Viatu vyake vya kijani vimepasuka kwenye kidole. Sikuwa nimeona.

Mei 28

Meneja anamnyoa, anamwogesha, anamgeuza. Anakaa mbele yake kabisa, pale ambapo Fundi bado anaona, na wageni wakisimama kando huwavuta mkono, "Njoo hapa katikati, huko hayupo." Leo nilimuuliza kwa nini miaka yote alikaa karakana bila kushika hata nyundo.

"Nilikuwa napenda kumwangalia, shemeji," akasema. "Mikono yake ilikuwa inanipa usingizi mzuri. Niliona nikishika nyundo nitamharibia."

Nimemcheka mtu huyu miaka mingi. Sitamwita Meneja tena, ingawa ameniambia jina amelizoea.

Juni 4

Tumemleta nyumbani. Anatembea akishikwa. Mkono wa kulia haujarudi.

Na sauti imerudi, lakini na neno moja. Lilitoka juzi, nesi alipomuuliza kama anasikia maumivu. "Bado," akasema, wazi kabisa, sauti yake ileile ya siku zote. Wote tulifurahi. Nikamuuliza ameshiba. "Bado." Anataka kukaa? "Bado." Mtaalamu wa kufundisha kusema akatueleza kwamba hutokea hivyo, maneno yote yanazama, linabaki moja lililotumika sana, na mgonjwa hulitoa kwa kila kitu. Anajua anachotaka kusema. Linalotoka ni hilo.

Jioni nilipombadilisha shati nilifanya kosa. Nikamshika uso, nikamuuliza, "Mimi ni nani? Unanijua?"

"Bado," akasema. Akasikia alichosema. Akafumba macho, machozi yakamtoka jicho la kushoto na la kulia, akatikisa kichwa kwa nguvu, "Bado, bado, bado," kila moja ikizidi kumwumiza. Nilimwambia najua, najua, nyamaza. Kisha nikatoka nyuma ya nyumba nikalia kwenye mvua, na sikujali nani ananiona.

Juni 11

Picha. Daktari alituwashia kioo, akatuonyesha kwa kalamu. Kipira hakipo. Mshipa umeota ngozi juu ya waya kama alivyosema tangu mwanzo, umenyooka, safi. Nilimtazama Fundi akiangalia picha hiyo. Fundi kwa fundi, kazi ilikuwa nzuri.

Lakini baada ya kiharusi, dawa haziwezi kupunguzwa sasa. Upasuaji wa pua umesogezwa hadi hapo baadaye. Macho hayatangoja, daktari amesema hivyo mwenyewe, akimtazama Fundi usoni, hakuwa anaandika chochote. Pembe zinaendelea kufunga. Huenda watakapoingia puani litakuwa limebaki tundu dogo la mwanga, huenda hata hilo lisiwepo.

Vidonge amemeza mbele yangu. Sasa nangoja hadi nione koo linapanda na kushuka.

Juni 15

Wateja wanakuja wakiulizia viatu vyao. Vilivyobaki nimevimalizia kadiri ya uwezo wangu, vingine nimewarudishia nusu na kuomba radhi. Muuza ngozi naye alikuja. Alileta kipande kizuri cha ngozi, akakaa na Fundi, akamwambia, "Ndugu yangu, haikuwa inasinyaa, eh?" Fundi akamshika mkono kwa mkono wa kushoto. Hakujaribu kusema.

Watu wakimuuliza jambo siku hizi hufunga mdomo kabisa. Ameliogopa neno lake.

Juni 19

Mvua zimekwisha. Asubuhi jua liliingia karakana hadi kwenye rafu. Shemeji alimkalisha kaka yake mahali pake pa zamani, na mimi nikafungua cherehani.

Kiatu changu cha kulia kiko palepale, kwenye kalibu, kama kilivyokuwa nyundo ilipoanguka. Nilikishika kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mshono wake unaanza vizuri katikati, ukifika ubavuni unapotea njia, unatoka nje ya alama, unarudi, unatoka tena. Alikuwa haoni ubavu wa kiatu. Alikuwa anashona kwa kukumbuka. Hakuniambia.

Shemeji akauliza kama nitaufumua niushone upya. Nikamwambia ashughulike na kigoda chake.

Nikampakatisha Fundi kile kiatu. Mkono wa kushoto ukakipapasa, ukapita kwenye mshono hadi pale unapopotea, ukasimama hapo. Akakiangalia muda mrefu. Aliinua uso, akafungua mdomo, akaufunga. Nikaona anaogopa nitamuuliza kitu.

Sikujua nitafanya nini mpaka nilipokuwa nimeshafanya. Nilichukua kiatu cha kushoto, nikakivaa. Nikatoka nje hadi barabarani, mguu mmoja peku, nikageuka, nikabisha hodi kwenye mlango wa karakana yangu mwenyewe. Nikaingia, nikasimama mbele yake, katikati, pale anapoona.

"Fundi," nikasema, "viko tayari?"

Alinitazama. Akautazama mguu wangu wenye kiatu, kisha ule usio nacho. Mabega yake yakashuka. Akainamia kazi yake kama alivyofanya siku zote, bila haraka, na neno likatoka likiwa mahali pake.

"Bado."

"Basi," nikamwambia, "nitapita kesho."